Tandala dume aliyekomaa: unamjuaje na unampataje

Watu wakishajua kazi yangu ni mwindaji bingwa swali la kwanza huwa ni pembe, zilikuwa inchi ngapi, picha iko wapi. Sawa, pembe ni muhimu, mteja kapanda ndege kuja kuzitafuta, ila mimi leo nataka niongelee kitu ambacho kwangu kinatangulia pembe nacho ni umri. Tandala mkubwa dume wa miaka minne anaweza kukutokea na pembe ndefu mpaka mikono ikatetemeka, na bado akawa hajapata nafasi ya kupanda jike kwa sababu wakubwa zake hawamruhusu hata kusogea. Huyo ukimpiga umeondoa mbegu ambayo pori lilikuwa bado linaisubiri. Lakini dume wa miaka minane au tisa, shingo nene, ncha za pembe zimeshalika, huyo watoto wake wako humo humo porini wanakula majani. Kwa hiyo tafuta mzee kwanza, mambo ya futi kamba baadaye.

Naongelea huku katikati ya Tanzania, Rungwa, Kizigo, Muhesi, haya mapori ya akiba yaliyopakana na Ruaha. Ni nchi ya miombo, vilima vya mawe, mito ya mchanga inayokauka kiangazi, na mbung'o wa kutosha. Tandala anaipenda sana maana yeye ni mla majani ya miti, sio mchunga nyasi kama nyumbu, anataka kichaka cha kujificha na mteremko wa kukimbilia. Ndugu zangu wa Kenya mtanisamehe, nyie uwindaji ulifungwa 1977, hata sisi tulifunga 1973 tukafungua tena 1978, kwa hiyo haya ni ya huku kwetu. Na huku kwetu pia hakuna kujiendea tu: lazima uwe na leseni, kitalu, yaani eneo lililotengwa la kuwindia, chenye mgao wa mnyama huyo, na askari wa wanyamapori anatembea na wewe mwanzo mwisho. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai. Hakuna kupiga ukiwa kwenye gari, hakuna kupiga usiku. Wapo wanaoona hizi sheria ni usumbufu, mimi naziunga mkono zote, bila hizo hao wazee tunaowatafuta wangeshaisha siku nyingi.

Haya, umri unausomaje?

Anza na pembe lakini usiangalie urefu, angalia mizunguko na ncha. Dume anaanza kuota pembe kabla hajafikisha mwaka, akiwa na miaka kama miwili amemaliza mzunguko mmoja kamili, na mpaka afikishe miwili na nusu, ambayo ndio pembe iliyokamilika, anakuwa amefika miaka kama sita hivi. Hazidondoki kila mwaka kama za paa wa Ulaya na Marekani, hizi ni za maisha, nje ni gamba kama kucha na ndani kuna mfupa. Sasa kijana wa miaka minne unamkuta ana mizunguko miwili, ncha zake bado zinaangalia ndani au nyuma, nyembamba, nyeusi, kali. Aliyekomaa ule mzunguko wa nusu wa mwisho umeshafunguka, ncha zinaenda nje na mbele, na zina weupe kama pembe ya ndovu kwa sababu gamba limesuguliwa miaka na miaka kwenye miti na mchanga. Ukiona ncha moja fupi kuliko nyingine, butu, imevunjika, usikasirike, hiyo ni habari nzuri. Kuna wateja wananuna wakiona ncha imevunjika, mimi binafsi ndio nyara ninayoiheshimu kuliko zote.

Halafu shuka kwenye mwili, na hapa ndipo wengi wanakosea maana macho yamenasa kwenye pembe. Kijana ana rangi ya hudhurungi inayokaribiana na ya jike, shingo nyembamba, tumbo limebana. Mzee anakuwa wa kijivu, kijivu kinachoelekea bluu, hasa shingoni na mabegani ambako manyoya yamepungua mpaka ngozi inaonekana, uso mweusi zaidi, ule mstari mweupe katikati ya macho unaonekana kwa mbali, na zile ndevu ndefu zinazoshuka kooni mpaka kifuani zimejaa. Shingo inaingia begani bila kuonyesha mahali ilipoanzia. Mgongo unaweza kuwa umebonyea kidogo na mifupa ya nyonga inajitokeza, hasa Septemba na Oktoba majani yakiwa yameadimika. Dume mkubwa anafika kilo 250 na anaweza kuzidi, na anavyotembea unaona ule uzito, kichwa kiko chini kidogo, haraka hana. Vijana wanatembea kama wanaogopa kuchelewa.

Mzee mmoja msoma nyayo ambaye nimefanya naye kazi kwa muda mrefu ana kipimo chake. Siku moja tumelala kwenye kichuguu, chini yetu kama mita mia na hamsini kuna madume matatu kwenye mikambala ya kingo za mto, na wa katikati ana pembe pana kwelikweli. Mteja tayari ameshaegemeza bunduki kwenye stiki, zile fimbo za kuegemezea bunduki. Nikamuuliza mzee, "Mzee, unamwonaje huyo wa katikati?" Hakuondoa darubini machoni. "Mwanangu, mwangalie anavyokula. Kila akichuma jani moja anageuka kuwaangalia wenzake. Mkubwa hawaangalii wenzake, wenzake ndio wanamwangalia yeye." Tukawaacha. Mteja alikasirika mpaka jioni, na ni haki yake, ila tangu hapo kipimo hicho nakitumia na kinafanya kazi kila wakiwa kwenye kundi la madume watupu.

Tatizo dume mzee mara nyingi hayupo kwenye kundi. Tandala majike wanakaa na watoto wao, vijana wa kiume wanatengeneza vikundi vyao, na wazee wanajitenga, peke yake au wawili. Ndama wengi wanazaliwa kipindi cha mvua nyasi zikiwa ndefu za kuwaficha, na mimba ni kama miezi minane hadi tisa, kwa hiyo ukihesabu kurudi nyuma unaona majike wanapandwa kiangazi kinapoanza. Ndio maana mwanzoni mwa Julai bado unaweza kumkuta dume mkubwa anazunguka na majike, ukiyapata majike kaa nayo, subiri, angalia pembeni mwa kundi sio katikati. Ikishafika Agosti hesabu inabadilika, hapo achana na majike kabisa, nenda kwenye maeneo madogo madogo yenye vitu vitatu: kivuli kizito, chakula, na njia mbili za kutokea.

Kwenye chakula nina siri moja ambayo sio siri, watu tu hawaitilii maanani. Mwishoni mwa kiangazi, kandokando ya mito ya mchanga, mti wa mwegea unatoa yale maua makubwa mekundu kama damu ya mzee, yanachanua usiku na asubuhi yanakuwa yamejaa chini. Tandala anayapenda mno. Nenda alfajiri ukague chini ya mwegea: ukikuta maua yote yapo ujue hajapita mtu, ukikuta yameliwa halafu kwenye mchanga kuna kwato safi zenye umbo la moyo mrefu, za mbele pana kuliko za nyuma na zimezama, huyo ni dume na ni mzito. Usichanganye na pofu, za pofu ni kubwa zaidi na za mviringo. Angalia pia vichaka vinavyozunguka vichuguu vikubwa, majani ya pale hubaki mabichi wakati kwingine kumekauka. Na angalia juu, sio chini tu. Dume anatumia pembe kuvunja tawi ili afikie majani, ukiona matawi yamevunjwa juu ya kimo chako na jeraha la tawi bado lina unyevu ukigusa kwa kidole, amepita leo.

Upepo sitaongea sana, kila mwindaji anajua, ila kwa faida ya kazi beba soksi yenye majivu na uitikise kila baada ya dakika chache, sio asubuhi mara moja halafu basi. Kwenye vilima asubuhi hewa baridi inashuka bondeni, jua likishapata nguvu inageuka inapanda, kwa hiyo mnyama uliyeanza kumfuata saa moja ukiwa salama, saa tatu anakunusa huku hujabadilisha hata njia. Dume mzee analijua hilo. Saa nne akishalala kwenye kivuli anachagua mahali ambapo macho yake yanalinda upande mmoja na pua inalinda mwingine.

Na masikio, jamani, masikio ya tandala! Makubwa, ya mviringo, yanageuka kila upande. Mara nyingi ndicho kitu cha kwanza utakachokiona, kwa sababu mwili wake na ile mistari myeupe membamba ubavuni unapotea kabisa kwenye fito za vichaka. Usitafute mnyama mzima. Tafuta sikio linalopiga nzi, tafuta mstari mmoja mweupe uliosimama wima mahali ambapo matawi yamelala, tafuta ncha ya pembe inayong'aa. Tembea hatua tano, simama, darubini, tena polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Akikushtukia kabla hujamwona utasikia tu mbweko mmoja mzito kama wa mbwa mkubwa, na hapo umemkosa. Ila wakati mwingine akikimbia kidogo anasimama kugeuka aangalie kilichomshtua, kwa hiyo usikurupuke kumfuata mbio, kaa kimya, stiki ziwe tayari.

Kupiga. Bunduki za kipimo cha .300 au .375 zenye risasi nzuri zinatosha kabisa kwa tandala, ana ngozi laini, sio nyati. Asubiriwe ageuke ubavu. Fuata mstari wa mguu wa mbele kupanda juu mpaka theluthi moja ya kifua, hapo ndipo moyo na sehemu ya chini ya mapafu, watu wengi wanapiga juu mno kwa sababu ile nundu ya bega inawadanganya ukubwa wa mwili. Kama kuna tawi mbele, hata dogo kama kidole, usipige. Kama amekupa makalio, usipige. Kama huoni ncha zote mbili na hujajua umri wake, usipige. Baada ya risasi nenda pale alipokuwa amesimama usome damu kabla ya kukimbilia alikoelekea: nyekundu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali, nyeusi nzito ni ini, subiri nusu saa au zaidi, yenye majimaji ya kijani ni tumbo, hapo kaa chini kabisa mpe muda mrefu, ukimfuata haraka atakwenda kilomita na kilomita kwa maumivu. Mnyama uliyemjeruhi ni wako mpaka umpate, hata kama jua linazama na maji yameisha mtarudi kesho alfajiri kwenye alama ya mwisho.

Akishapatikana, kabla ya picha mimi nafungua mdomo. Magego ya kijana yana makali, yana mabonde yanayoonekana wazi. Ya mzee yamesagika, yako bapa, mengine yamefika karibu na fizi, na mnyama wa hivyo hata angeachwa asingekuwa na viangazi vingi mbele yake kwa sababu meno yakiisha njaa inafanya kazi iliyobaki, au simba na fisi. Kempu yetu kila taya tunaisafisha tunaiweka na karatasi ya tarehe na mahali, ili vijana wanaojifunza kazi wafananishe wenyewe walichokiona kwenye darubini na kilichopo mdomoni. Hakuna darasa linaloizidi hiyo, nawashauri na kempu nyingine mfanye.

Wale mnaonitumia picha kuuliza umri, naomba mbili: moja ya mbele kabisa ncha zote zionekane, moja ya ubavu kutoka pua mpaka mkia, mnyama akiwa amesimama. Picha ya kichwa peke yake siwezi kukwambia kitu cha uhakika.