Kesi Ikiwa "Struck Out" Milimani, Je, Umeshindwa?

Wengi wakipewa amri iliyoandikwa "struck out", yaani kesi imefutwa, pale kwenye mahakama za Milimani, Nairobi, huamini wameshindwa. Hufunga faili na kwenda zao. Inauma, kwa kuwa mara nyingi madai yao hayajasikizwa hata kidogo.

Magazeti na redio zetu zimechangia. Kila kesi inayoanguka huambiwa "imetupiliwa mbali", ilhali Kiingereza cha mahakama hutenganisha mambo mawili. "Dismiss" kwa kawaida ni kuyakataa madai yaliyokuwa mbele ya jaji kihalali. "Strike out" ni kuiondoa kesi kwa sababu ya kasoro. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza hivyo mwaka 1959, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo: rufaa inayofutwa kwa njia hii huhesabiwa kuwa haikuwa rufaa halali tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna kilichoamuliwa.

Tuseme mfanyakazi wa Industrial Area ameachishwa kazi, akaenda kushtaki Mahakama Kuu. Chini ya Katiba ya 2010, migogoro ya ajira ina mahakama yake. Kesi itafutwa, na huenda akalipishwa gharama, lakini hakuna aliyesema kwamba mwajiri alikuwa na haki. Anaweza kufungua upya panapostahili.

Ila asilale! Wapo wanaodhani kesi ikifutwa muda huanza kuhesabiwa upya. Hauanzi. Madai ya ajira kwa kawaida yana miaka 3 tangu tukio lenyewe, na miezi aliyoipoteza kwenye mahakama isiyofaa imo humo humo.

Wengine husema jaji anaweza kufuta kesi yoyote anayoiona dhaifu. Si kweli. Katika kesi ya D.T. Dobie dhidi ya Muchina, mwaka 1980, Jaji Madan alishikilia kwamba kesi isikatwe mapema ikiwa bado inaweza kuhuishwa kwa marekebisho. Udhaifu peke yake hautoshi.

Na si lazima kesi nzima iondoke. Aya moja ya hati ya kiapo inaweza kufutwa, au jina la mtu aliyeshtakiwa kimakosa, shauri likaendelea kwa waliobaki. Kwa hiyo ukipewa amri, tazama kwanza kilichofutwa ni kipi, kisha muulize wakili sababu yake na siku zilizosalia.