Asilimia 80 hainiambii kama unajua kuingia sokoni

Wiki hii kijana mmoja wa hapa Arusha, anayefanya biashara ya dhahabu kwa simu, ameniomba tena nimwoneshe mahali sahihi pa kuingia, yaani bei ya kufungulia biashara, kwa kuwa anaamini kwamba akishapajua, faida itajileta yenyewe. Historia ya akaunti yake ilieleza jambo tofauti kabisa: faida ya dola 8, dola 11, dola 6, zote zimefungwa baada ya dakika chache, na juu yake biashara moja iliyoachwa wazi ikiwa na hasara ya dola 140, bila kikomo chochote cha hasara, yaani bei ambayo ikifikiwa biashara hujifunga yenyewe. Mahali alipoingia hapakuwa na tatizo.

Masuala ya mishumaa (michoro ya bei) na mwelekeo wa soko sitayagusa, maana yamefundishwa kupita kiasi. Kinachonikera ni kauli ya kwamba "mbinu yangu inapatia asilimia 80", ambayo vijana wanauziwa kila siku kama ushahidi wa kujua kuingia. Chukua sarafu ya shilingi 100 na uirushe: ukija upande wa Mwalimu Nyerere, nunua, ukija upande wa swala, uza. Kila mara weka lengo la faida umbali wa pipsi 10 (pipsi ni hatua ndogo ya kupimia mwendo wa bei) na kikomo cha hasara umbali wa pipsi 40. Bei inayotangatanga bila mwelekeo hugusa kilicho karibu mara nyingi zaidi kuliko kilicho mbali, na kwa umbali huo uwezekano wa kushinda ni takriban asilimia 80. Katika biashara 100, zile 80 zinaleta pipsi 800 na zile 20 zinaondoka na pipsi 800, kisha broka, yaani dalali anayekuunganisha na soko, anakata tofauti yake ya bei ya kununua na ya kuuza katika kila moja, kwa hiyo unamaliza ukiwa na hasara. Ukigeuza vipimo, lengo likawa 40 na kikomo 10, sarafu ileile itapatia asilimia 20 tu na hesabu ya mwisho haibadiliki. Anayenitajia asilimia bila kunieleza anafungia wapi, hajanieleza kitu.

Sisemi kwamba kuingia hakuna kazi. Kuingia kuzuri kunapaswa kuipita sarafu hiyo, na kunakupa umbali mfupi hadi pale ambapo wazo lako limethibitika kuwa si sahihi. Hapo ndipo kikomo cha hasara kinapokaa, na ukubwa wa loti, yaani kiasi unachonunua au kuuza, unapangwa baada yake: mwenye akaunti ya dola 1,000 aliyekubali kupoteza asilimia 1 agawanye dola 10 kwa umbali huo. Wengi huanza na loti, kisha wanakisogeza kikomo kila bei inapokikaribia.

Kutoka ukiwa na faida ni kugumu zaidi. Mwaka 1983, Richard Dennis, mfanyabiashara wa masoko ya bidhaa wa Chicago, alifundisha wanagenzi wake kununua bei inapovuka kilele cha siku 20 na kutoka inaposhuka chini ya kiwango cha chini kabisa cha siku 10. Kanuni hiyo ya kuingia hujifunzwa kwa robo saa; kazi ipo katika kuitazama faida kubwa ikipungua wakati kiwango cha siku 10 bado hakijaguswa. Mwaka 1998 Terrance Odean alichapisha uchambuzi wa akaunti 10,000 za wawekezaji wa Marekani, akaonesha kwamba walikuwa wepesi kuuza hisa zenye faida na wazito kuuza zenye hasara.

Sina kanuni moja ya kutoka ninayoweza kuitetea katika kila soko. Kikomo kinachofuata bei, yaani kinachosogezwa kadiri faida inavyokua, hulipa soko likiwa na mwelekeo na hunyonya akaunti linapozunguka mahali pamoja, lengo la kudumu hufanya kinyume chake, na soko halitangazi mapema litakuwa la aina gani.

Kikomo chenyewe pia si dhamana. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro ilichokuwa imekishikilia tangu Septemba 2011, na waliokuwa wamenunua euro na kuweka vikomo chini kidogo ya 1.20 walifungiwa biashara zao kwa bei za mbali mno, kwa sababu katikati hapakuwa na mnunuzi. Kwa hiyo loti ninayoiacha wazi soko linapofungwa usiku wa Ijumaa, bei inapoweza kuruka kikomo kabla soko halijafunguliwa tena, huwa ndogo kuliko ile ninayoibeba Jumanne.