Kashata, changarawe na seva

Ofisi moja hapa Dodoma iliniomba niipitie rasimu yao ya zabuni ya seva. Ukurasa wa pili: "Prosesa iwe Intel Xeon," yaani ubongo wa seva utoke kampuni moja tu. Nikamuuliza kijana wa TEHAMA sababu. "Ndivyo tulivyoandika 2015, mzee."

Kwa 2015 hakukosea. AMD, mshindani wa Intel, kwenye seva ilikuwa imebaki jina tu. Prosesa yake ya Opteron ya 2003, iliyotangulia kuleta biti 64 kwenye seva za x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD), ilishachuja, na viwanda vyake ilishaviachia mwaka 2009 vikawa kampuni ya GlobalFoundries.

Kilichogeuza mchezo ni ukataji. Chipu huchorwa nyingi kwa pamoja juu ya kisahani cha silikoni chenye upana wa milimita 300, kisha hukatwa. Chembe moja ya vumbi (si hili letu linaloziba feni, ni dogo mno kuonekana) huweza kuua chipu nzima. Chukua sinia la kashata lililoingia changarawe kumi. Ukikata vipande kumi na viwili vikubwa, vya kuuza vitabaki vichache. Ukikata mia vidogo, unatupa kumi tu.

Intel ilikata vikubwa. Mwaka 2019 AMD ilileta kizazi cha pili cha EPYC, prosesa yake ya seva: vipande vidogo vinane vilivyotengenezwa na kampuni ya TSMC ya Taiwan kwa teknolojia ya nanomita 7 (namba ikipungua, sakiti hubanwa zaidi), vikizunguka kipande cha mawasiliano cha teknolojia ya zamani na ya bei nafuu. Jumla viini (sehemu zinazofanya hesabu) 64, wakati Xeon za kawaida ziliishia 28.

Intel nayo ilikwama kiwandani. Nanomita 10 iliyoahidiwa 2016 ilifika kwenye seva za Xeon Aprili 2021. Ilitaka kubana mno kwa mkupuo mmoja, bila mashine za kuchorea kwa mwanga wa EUV (wa mawimbi mafupi sana), hivyo tabaka moja likahitaji kupitishwa hatua nyingi, na kila hatua ni nafasi ya kuharibu. Hizo nanomita, kwa njia, ni majina ya biashara zaidi ya vipimo. 10 ya Intel ilikaribiana na 7 ya TSMC kwa msongamano. Januari 2023 Intel nayo ikaja na Xeon ya vipande vinne, viini 60. AMD ilikuwa imeshafika 96.

Basi zabuni iandikwe ya AMD tu? Hapana, hilo ni kosa lile lile limegeuzwa. Tulifuta jina la kampuni, tukaandika kazi: mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya seva moja) ngapi, kumbukumbu kiasi gani, umeme kiasi gani. Na leseni! Windows Server hulipiwa kwa idadi ya viini, kwa hiyo viini 64 vinavyolala ni hela inayolala.

Kijana akauliza kama mashine pepe zitahamia kwenye AMD zikiwa zinafanya kazi. Kutoka Intel haziwezi. Lazima zizimwe kwanza. Akafungua kalenda, akatafuta Jumamosi usiku.