Kuchomeka diski ni rahisi, nionyeshe unavyoichomoa

Vijana wa hapa Lubumbashi wanaoniletea pachi za draiva (marekebisho ya programu inayoiendesha diski) huanza na onyesho lilelile: diski inasukumwa kwenye seva iliyo hai, jina sdb, ambalo Linux huipa diski, linatokea, mafaili yanafunguka. "Yaya, iko inatumika!" Sawa, inatumika. Mimi nashuka moja kwa moja hadi sehemu ya kuondoa diski, maana huko ndiko msimbo wa aina hii unakofia.

Upande wa umeme haunipi shida. Waliotunga SATA, kiwango cha kuunganisha diski na kompyuta, walilifikiria mapema jambo hili la kuchomeka na kuchomoa mashine ikiwa hai: kwenye soketi, pini za gaundi ni ndefu kuliko nyingine ili ziguse kwanza, kisha zinafuata za kuchaji taratibu, halafu zilizobaki. Upande wa programu ulichelewa kidogo. Linux ilipata uwezo huu mwaka 2006, kerneli (kiini chake) 2.6.18, ndani ya libata, sehemu inayoshughulikia diski za SATA, kwa kazi kubwa ya Tejun Heo, na hadi leo draiva mpya ikiniangukia mezani nailinganisha na mpangilio wake. Intarapti, yaani msimbo unaokatiza kazi za prosesa kifaa kikiita, haifanyi kazi ngumu. Inaona kiungo kimebadilika, inaigandisha poti, inauamsha uzi wa kushughulikia makosa, inaondoka zake. Kuiuliza diski utambulisho wake na kusubiri mota ishike kasi ni mambo yanayohitaji kulala (kungoja huku prosesa ikifanya kazi nyingine), na ndani ya intarapti hakuna kulala. Nikiona myuteksi, kufuli linalongojewa kwa kulala, imechukuliwa humo, pachi inarudi kwa mwenyewe bila mimi kusoma zaidi.

Kisha natafuta uvumilivu. Kiungo hakikatiki mara moja. Kinakatika, kinarudi, kinakatika tena. libata, ikishajua ni suala la kuchomeka au kuchomoa, huchungulia rejista ya hali (mahali kontrola inapoonyesha kama kiungo kipo) kila milisekunde 25, na haiamini kitu mpaka thamani ileile idumu milisekunde 500. Zikipita sekunde 2 bila utulivu, inaacha. Draiva inayosoma mara moja tu na kutangaza "diski imetoka" haijajengewa mji huu. Kiangazi kikikolea vumbi linaingia hadi kwenye meno ya soketi, na umeme ukiyumba kidogo tu, trei yenye pawa saplai dhaifu inaiangusha diski na kuirudisha hakuna mtu aliyeigusa.

Hapo ndipo linakuja swali ambalo wengi hawalijibu: kilichorudi ni diski ileile? libata hulinganisha modeli na namba ya kiwandani ya diski (serial) kabla ya kuendelea. Ukiruka hatua hiyo, maombi ya kuandika yaliyokuwa kwenye foleni ya diski ya zamani yanaweza kumwagwa juu ya diski mpya iliyoingizwa kwenye nafasi ileile, na data ya mtu imekwenda. Hata ikiwa ni ileile kweli, bado kuna mtego. Tuseme mfumo wa mafaili umeamuru kashe ya diski (memori yake ya muda) imwagwe kwenye sahani, na umeme umekatika katikati ya amri. Diski inarudi na kashe tupu. Draiva inairudia amri, diski inajibu "tayari", kwa sababu kweli haina cha kumwaga. Mfumo wa mafaili unaambiwa data iko salama wakati haipo. Kwangu amri ya aina hiyo ikikatwa na kupotea kwa umeme lazima irudishe kosa juu. Kurudia kimyakimya ni uongo.

Sasa kuondoa kwenyewe. Pachi moja niliyoisoma majuzi ilikuwa na kazi ya nyuma, iliyo chini ya kontrola, inayopima joto la diski kila baada ya sekunde chache. Sehemu ya kuondoa iliita kfree, amri ya kuachilia memori, kwenye muundo wa diski, na mstari unaofuata ndio ukaisimamisha kazi ya joto. Kazi hiyo ikiamka kati ya mistari hiyo miwili, inasoma memori iliyokwisha kuachiliwa. Nilimwambia mwenye pachi ageuze. Aligeuza, lakini akaita cancel_delayed_work_sync, amri inayosimamisha kazi ya nyuma na kungoja iishe, huku ameshika kufuli ambalo kazi ya joto nayo inalihitaji: huyu anangoja kazi iishe, kazi inangoja kufuli. Mchomoaji anabaki amekwama hapo, na mara ya kwanza unaweza kudhani ni diski iliyo mbovu.

Nyumba haibomolewi wapangaji wakiwa ndani: funga mlango asiingie mwingine, ngoja waliomo watoke, ndipo ulete nyundo. Kwa draiva maana yake ni kukataa maombi mapya, kuyarudisha na kosa yaliyokwama, kusimamisha taima na kazi za nyuma bila kushika kufuli zao, na kuiachia kaunta ya marejeo (hesabu ya wanaoitumia bado) iamue memori itaachiliwa lini. Programu inaweza kuwa bado imeishika sdb baada ya diski kuwa mkononi mwako. Ndiyo maana ukiirudisha wakati mwingine inatokea kama sdc.

Kwa NVMe, diski zinazounganishwa kwa njia ya PCIe, ongeza jambo moja. Kifaa cha PCIe kikishatoka, kusoma rejista yake hurudisha biti zote zikiwa 1, yaani 0xFFFFFFFF. Kitanzi kinachosubiri biti ya "nina shughuli" igeuke 0 hakitaisha, na kama kimeshika spinloki, kufuli lisiloruhusu kulala, mashine nzima inaweza kuganda nacho. Nataka kuona ukaguzi wa thamani hiyo na kikomo cha muda, vyote viwili.

Kuhusu majaribio, kuandika 1 kwenye /sys/block/sdb/device/delete ni kuaga kwa adabu: kashe inamwagwa, mota inasimamishwa. Msimamizi wa seva afanye hivyo kila mara. Lakini likiwa jaribio la draiva, halinitoshi. Nataka kerneli yenye KASAN na lockdep (vikaguzi vya makosa ya memori na ya kufuli), uandishi mzito unaendelea, programu nyingine inasoma joto mfululizo kupitia sysfs (mafaili yaliyo chini ya /sys), na trei inavutwa bila taarifa, tena na tena. Kijana wa pachi ya joto akiniletea logi safi ya jaribio hilo, naweka jina langu chini ya pachi yake.