Akira Ifukube, afisa misitu aliyempa Godzilla sauti

Mngurumo wa Godzilla, dubwana la filamu ya Kijapani, haukutoka kooni mwa mnyama yeyote. Mafundi wa filamu hiyo ya mwaka 1954 walianza na sauti za wanyama, zikashindwa: simba alisikika kuwa simba tu. Mtunzi wa muziki wake, Akira Ifukube, akaligeukia kontrabesi, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amesimama. Uzi mmoja mnene ulilegezwa, kisha ukasuguliwa kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Utomvu hunata, kwa hiyo glovu hushika uzi, huuachia ghafla, hushika tena, haraka sana, na kinachotoka ni mkwaruzo mzito. Glovu kavu ingeteleza. Uzi uliokazwa ungetoa noti safi. Rekodi ikachezwa polepole ili sauti ishuke na kurefuka.

Ujuzi huo una historia. Ifukube alizaliwa Kushiro, katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, mwaka 1914. Utotoni alisikia nyimbo za Waainu, wenyeji wa kisiwa hicho. Chuoni alisomea misitu, akawa afisa misitu. Muziki alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1935, akiwa na miaka 21, utunzi wake wa okestra ulishika nafasi ya kwanza katika shindano la mtunzi Mrusi Alexander Tcherepnin lililoamuliwa Paris. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza namna mbao zinavyotetemeka, akitumia eksirei bila kinga ya kutosha, akaugua. Hapo ndipo alipoishika kazi ya muziki moja kwa moja: kufundisha Tokyo kuanzia 1946, na filamu kuanzia 1947. Alizitungia muziki zaidi ya 250.

Anayesoma sol-fa ajaribu wimbo mkuu wa Godzilla: do ti la, do ti la. Hesabu mapigo 4, kisha 5, kisha 4 tena. Wengi hukosea kwa kuyasawazisha yote yawe 4, na hapo wimbo unakuwa gwaride la kawaida. Lile pigo moja la ziada ndilo linalomnyima msikilizaji utulivu.

Inasikitisha kwamba nje ya Japani Ifukube hutajwa kwa filamu ya Godzilla peke yake. Mwaka huohuo wa 1954 alikamilisha Sinfonia Tapkaara, simfonia iliyopewa jina la ngoma ya Waainu. Anza na sehemu yake ya tatu: vipande vifupi vinarudiwa bila kuchoka, vyombo vinaongezeka, na kishindo kinapanda hadi noti ya mwisho.