Vijana walio kizuizini na kusoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ana miaka 16 na hajui kusoma, hatajua tena." Kauli hii huumiza zaidi kwa sababu husemwa hata na wanaowapenda vijana hao. Si kweli. Tatizo mara nyingi ni kwamba hakuna aliyewahi kupima ni wapi hasa kijana amekwama. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kuwa ufahamu wa kusoma hutegemea mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Moja likikosekana, jingine halitoshi. Kwa hiyo vijana wawili wanaweza kushindwa maswali ya kifungu kilekile kwa sababu tofauti kabisa. Wa kwanza ukimsomea kwa sauti, anajibu yote. Huyu arudishwe kwenye silabi, hadi atofautishe "ngoma" na "ng'ombe" bila kubahatisha. Wa pili anatiririka vizuri, ila ukimwuliza amesoma nini, hana la kusema. Huyu anahitaji msamiati, na mtu wa kuzungumza naye juu ya alichosoma. Ukiwapa wote zoezi moja, umewapotezea muda wote wawili. Kumsikiliza kila mmoja peke yake kwa dakika chache anapopokelewa kunatosha kuanza kuiona tofauti hiyo.

"Ni wakaidi tu, hawataki kusoma." Mtazame anayesukuma kitabu zamu yake ya kusoma kwa sauti inapokaribia. Mara nyingi ni aibu: afadhali aitwe mkorofi kuliko kuchekwa na wenzake. Basi asome kwanza na mwalimu pembeni, arudie kifungu kifupi mara tatu au nne mpaka ulimi uzoee. Na kifungu kiwe cha rika lake. Kumpa kijana aliyeota ndevu hadithi ya sungura na picha za rangi ni kumdhalilisha. Sentensi ziwe nyepesi, mambo yawe ya kikubwa: kazi, mpira, urafiki, haki zake mbele ya hakimu.

"Anayechanganya herufi hana akili." Huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, nayo haihusiani na uwezo wa akili. Na kabla ya yote, apimwe macho na masikio.

"Vitabu ni zawadi ya wenye nidhamu." Hili silikubali hata kidogo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zilizopitishwa Desemba 1990, zinataka kila kituo kiwe na maktaba yenye vitabu vya masomo na vya burudani, na wasiojua kusoma wapewe elimu maalumu. Zinataka pia vyeti visionyeshe kwamba mwenye cheti aliwahi kuwa kizuizini. Kumnyang'anya kijana kitabu ili kumwadhibu ni kumnyima haki yake.

"Anakaa wiki chache tu, kuna faida gani kumfundisha?" Wiki chache zinatosha kumpima na kuanza, mradi asianzishwe upya kila anapohamishwa. Aondoke na maelezo mafupi ya alipofikia na kinachomsumbua, ili mwalimu atakayempokea aendelee kuanzia hapo.