Mwalo wa Wavuvi si Kiwanja Kitupu

Makazi mapya ya ufukweni yakijadiliwa, husikika kauli ileile kuhusu mwalo, yaani mahali wavuvi wanapoegesha vyombo na kushusha samaki: "Pale hapana kitu, ni ngalawa chache na nyavu kuukuu. Wavuvi si wasogee mbele kidogo?"

Anayesema hivyo huenda alipita mchana. Afike Kunduchi, Dar es Salaam, vyombo vinaporudi: samaki wananadiwa, wachuuzi wanagombea barafu, kina mama wameshawasha majiko ya kukaangia. Pembeni fundi anakalafati mashua, anashindilia pamba kwenye mshono, mbiombio kabla maji hayajajaa. Huo "mchanga mtupu" ni soko, gereji na bandari kwa pamoja.

Na kusogea si jambo jepesi. Mwalo unataka mlango kati ya miamba, kinga dhidi ya mawimbi ya kusi, mteremko wa kuvutia chombo na njia ya gari la samaki. Nyumba hukaa vizuri hata kilomita mbili ndani. Ngalawa haiwezi.

Wengine hudhani Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufuko, inatosha. Sheria hiyo inalinda ukingo wa bahari. Haimchorei mvuvi njia ya kuufikia. Kinachomlinda ni ramani ya mipango miji yenye mwalo na njia yake, ikikamilishwa kabla viwanja havijapimwa. Ghorofa zikishapanda na mageti yakafungwa, hakuna anayebomoa ili ndoo ya dagaa ipite.